Vali Mfukoni

Kikosi cha zimamoto wa kujitolea cha mji ule kilikuwa na watu kumi na mmoja, pampu moja, na chumba kimoja nyuma ya soko ambacho zamani kilikuwa ghala la mbegu. Hakuna aliyelipwa. Kulikuwa na mshona viatu, ndugu wawili wauza vipuri, dereva wa lori la mchanga, mwalimu wa kike wa darasa la tano, na wengine wa namna hiyo, watu wenye kazi zao ambao simu ikilia huacha walichoshika na kukimbia. Aliyewaongoza alikuwa fundi bomba wa miaka arobaini na saba. Mji mzima ulimwita Kapteni, hata wale waliomwita kuja kuwazibulia sinki.

Pampu waliibatiza jina la Shangazi, kwa sababu ilikohoa sana kabla ya kufanya lolote na haikupenda kuharakishwa. Ilifungwa kwenye tela na kuvutwa na pikapu ya mmoja wa wauza vipuri. Kila Jumapili asubuhi Kapteni aliifungua, akaisafisha, akaipaka grisi na kuifunga tena. Vipuri vyake vilikuwa vimeacha kuuzwa madukani miaka mingi, kwa hiyo kilichoharibika alikichonga mwenyewe. Wenzake walijua kuiwasha na kuizima. Tumbo la Shangazi alilijua yeye peke yake, na hilo, tuseme ukweli, lilimpa kiburi kidogo.

Mwaka uliotangulia halmashauri ilikuwa na fungu la kuboresha huduma za dharura. Kamati ikaja kukagua. Siku ile Shangazi alikohoa mara mbili tu, kisha akarusha maji juu ya paa la soko mpaka upande wa pili. Wajumbe walipiga makofi, wakapiga picha, wakaenda zao. Baada ya wiki tatu ikaja barua kusema kwamba kikosi kinajimudu vizuri na kinapongezwa, na fungu limepelekwa kuweka vigae kwenye maegesho ya magari ya halmashauri. Kapteni aliisoma barua ile kwa sauti mbele ya wenzake. Dereva wa lori, ambaye buti zake za zimamoto zilikuwa zimepasuka kiasi cha kuonyesha soksi, alisema kumbe shida yao ni kufanya kazi vizuri mno. Wote wakacheka. Kapteni hakucheka sana.

Kwa hiyo kamati ilipotoa taarifa mwaka huu kwamba itakuja Jumanne saa nne, alikuwa ameshaamua.

Jumanne ile saa moja asubuhi alifika kituoni peke yake. Ndani ya mpira wa kuvutia maji, pale unapoungana na pampu, kulikuwa na vali ya shaba, ndogo kuliko kiganja, yenye kazi moja tu ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Ukiitoa, pampu huvuta hewa tupu. Aliifungua, akaitoa, akaifuta kwa kitambaa, akaitia mfuko wa ndani wa koti lake la sare. Kisha akaunga mpira kama ulivyokuwa. Hakumwambia mtu. Alijisemea kwamba wenzake wasipojua, hawatalazimika kudanganya.

Kamati ilikuja na watu wanne, ikiongozwa na mwenyekiti wake, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. Mwalimu, ambaye alikuwa msaidizi wa Kapteni na aliyeomba ruhusa shuleni kwa saa mbili, ndiye aliyewasha. Shangazi akakohoa. Akakohoa tena. Akanguruma kama kawaida, lakini mpira wa mbele ulibaki umelala chini kama nyoka aliyeshiba. Mwalimu akajaribu mara ya pili, mara ya tatu, jasho likimtoka. Alimtazama Kapteni, na Kapteni akatikisa kichwa kwa huzuni aliyoifanyia mazoezi.

"Imechoka," aliwaambia wageni. "Siku nyingine inakubali, siku nyingine inagoma. Ndiyo hali yetu."

Mwenyekiti alivaa miwani yake na kuandika kitu kirefu. Akasema hali hiyo inatisha, na akamwomba Kapteni afuatane nao ofisini ili asaini taarifa ya ukaguzi. Kapteni alikaa ofisini kwao kwenye kiti cha kuzunguka, akanywa chai ya watu, akasaini, na moyoni alikuwa anaimba. Alipotoka, simu ikalia. Nyumba ya mteja mmoja ilikuwa imejaa maji baada ya bomba la jikoni kupasuka. Akapitia nyumbani, akavua koti la sare, akavaa ovaroli, akabeba kisanduku cha vifaa. Mlangoni aliikumbuka vali. Akasimama kidogo na mkono kwenye kitasa. Halafu akafikiri kwamba moto wa mwisho mjini ulikuwa wiki saba zilizopita, na maji ya mteja hayangoji. Angeirudisha jioni. Akaondoka.

Moto ulizuka saa nane na robo mchana.

Nyumba ilikuwa ya mkunga mstaafu, mwanamke wa miaka themanini na kidogo aliyezalisha karibu nusu ya watu wa mji ule kabla hospitali haijajengwa. Waya kwenye dari ulikuwa umeliwa na panya. Yeye alikuwa nje uani akianua nguo, na hilo ndilo lililomwokoa. Simu ya Kapteni ilikuwa sebuleni kwa mteja, juu ya kabati, na yeye alikuwa chini ya sinki na maji yakimwagika masikioni. Alipoisikia tayari ilikuwa imelia mara tisa.

Aliendesha pikipiki kama kichaa. Alipoingia mtaa ule aliona moshi mweusi, na chini ya moshi aliona watu wamepanga mstari wa ndoo, na mbele ya mstari alimwona Shangazi ananguruma bure. Mwalimu alikuwa amepiga magoti kando ya pampu, na chaki bado iko kwenye mikono ya blauzi yake. Alikuwa amekwisha kubadilisha plagi, kukagua mafuta, kufungua na kufunga mipira yote ya mbele. Vidole vyake vilikuwa vinatoka damu.

"Kapteni, sijui nimekosea wapi," alisema. "Nimefanya yote uliyotufundisha. Niambie nimeacha nini."

Yeye akafungua mdomo. Alisema tu, "Naja," akageuza pikipiki.

Nyumbani mkewe alikuwa amelowesha koti kwenye beseni. Aliinua uso na kumwona mumewe akipiga magoti kwenye povu la sabuni, akipapasa mifuko kwa mikono miwili. Vali ilikuwa imelala ndani ya maji, kwenye kitako cha beseni. Aliichukua, akatoka mbio bila kusema neno, na mkewe akabaki ameshika mkono wa koti uliokuwa unachuruzika.

Alirudi. Aliinama juu ya mpira wa kuvutia maji, akawapa watu mgongo, akairudisha vali mahali pake kwa nusu dakika. Aliposimama akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba kulikuwa na takataka imekwama ndani. Shangazi akakohoa mara moja na maji yakaja.

Waliokoa nyumba mbili za jirani. Ya mkunga haikuwa na cha kuokolewa. Paa lilianguka saa tisa kasoro, na lilipoanguka watu walirudi nyuma wote kwa pamoja kisha wakaanza kushangilia, si kwa ajili ya paa bali kwa ajili ya Kapteni. Mwuza vipuri mkubwa alimkumbatia. Mtu mmoja alisema kwamba mkono wa huyu jamaa ni dawa, wenzake wamehangaika dakika ishirini, yeye amegusa tu. Kapteni alisimama na masikio yanawaka. Pembeni Mwalimu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anatazama mikono yake.

Bibi Mkunga naye alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha jirani, na kanga ya mtu mwingine mabegani. Hakulia. Alikuwa anauliza jambo moja tu, kwa kila aliyepita: kama kuna aliyeyaona madaftari. Alikuwa nayo kumi na manane, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na humo aliandika kila mtoto aliyempokea kwa miaka arobaini: siku, saa, uzito, jina la mama. Watu wazima waliokosa cheti cha kuzaliwa walikwenda kwake, naye akafungua daftari na kuwaandikia barua ambayo ofisi iliikubali. Kapteni mwenyewe alipata cheti chake kwa njia hiyo. Sanduku walilitoa jioni kwa koleo. Ndani kulikuwa na majivu yaliyobaki katika umbo la kurasa, na yalipopigwa na upepo yakaondoka.

Siku ya pili mji mzima ulikuwa unamvika Kapteni kilemba cha ukoka, ila hakuna aliyejua kwamba ni cha ukoka isipokuwa yeye. Siku ya tatu Mwalimu alikuja kituoni na barua ya kujiuzulu. Wiki ile zamu ya kukagua vifaa ilikuwa yake, alisema, na kama mpira uliziba basi ni yeye ambaye hakuangalia. Alizungumza akiwa amesimama wima, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya darasa. Kapteni alimwambia makosa hutokea kwa kila mtu. Akamwambia pole. Baadaye, kila alipokumbuka kwamba alimwambia pole, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku hiyohiyo ikaja simu ya mwenyekiti wa kamati. Halmashauri imeshtuka. Ombi lao limepitishwa bila mjadala: pampu mpya, mipira mipya, buti na makoti kwa wote, na juu ya hayo mafunzo, kwa kuwa imeonekana wazi msaidizi wake hajui kutumia mitambo. Alhamisi ijayo kwenye kikao cha wazi angeitwa mbele apokee barua rasmi.

Usiku hakula. Mkewe aliondoa sahani, akarudi, akakaa mbele yake.

"Baba watoto," alisema, "kile chuma nilikisikia mfukoni kabla sijalowesha koti. Nilidhani ni cha kazi zako za bomba."

Mkewe akanyoosha kitambaa cha meza.

"Mwalimu amepita hapa leo. Alikuja kuniuliza kama umemkasirikia. Mimi sitasema kwa mtu. Lakini usinikalishe tena na yule dada, nimtazame usoni huku najua."

Hakumgombeza. Angemgombeza, pengine angepata pa kushika, angebisha, angesema alifanya kwa ajili ya kikosi. Mkewe alikwenda kulala, na yeye akabaki na hoja zake zote mkononi bila wa kumpa.

Asubuhi alikwenda shuleni. Madirisha ya darasa la tano yalikuwa wazi, watoto wanaandika, Mwalimu anapita kati ya madawati na vidole vyake vimefungwa plasta. Alipomwona dirishani alitoka hadi barazani, akavuta mlango nyuma yake.

Kapteni alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yakatoweka. Alisema kwa kifupi, akitazama viatu vyake, kwamba mpira haukuziba. Aliitoa vali yeye mwenyewe asubuhi ile, ili kamati ione pampu mbovu. Ilikuwa kwenye koti lake, nyumbani.

Ndani mtoto mmoja alianza kucheka na mwingine akamnyamazisha.

"Ulinikuta pale chini," alisema Mwalimu. "Nikakuuliza nimeacha nini."

"Ndiyo."

"Na barua yangu ukaipokea. Ukaikunja vizuri ukaitia mfukoni."

"Ndiyo."

Alitarajia kofi, au machozi. Mwalimu aliangalia plasta zake tu, akaanza kubandua moja pembeni kwa kucha.

"Siku tatu silali," alisema. "Najiona muuaji wa nyumba ya mtu. Sasa wewe umekuja kuniambia mimi peke yangu, hapa barazani, ili ukitoka hapa ujisikie mwepesi. Mimi nifanye nini na hiyo? Nenda kawaambie waliokupigia makofi, Fundi."

Katika miaka kumi na miwili hakuwahi kumwita Fundi. Akarudi darasani na kufunga mlango taratibu.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wenzake wote wa kikosi walikaa mstari wa pili, wamepiga pasi mashati. Bibi Mkunga aliletwa na mpwa wake, ambaye bibi alikuwa anaishi kwake tangu moto, akakalishwa karibu na feni. Mwalimu hakuja. Mwenyekiti alisoma hotuba, akafika penye mafunzo, akasema kwa upole kwamba nia njema bila ujuzi inaweza kugharimu nyumba. Mshona viatu aliinamisha kichwa kwa ajili ya Mwalimu. Kisha likaitwa jina la Kapteni na makofi yakaanza.

Alifika mbele akapewa bahasha. Aliirudisha mezani.

"Msipige," alisema. Makofi yakafifia vipande vipande, kwa sababu waliokuwa nyuma hawakusikia. Ikabidi arudie. "Msipige makofi. Pampu haikuwa mbovu. Nilitoa vali yake mimi siku ya ukaguzi ili mtuonee huruma, na sikuirudisha. Mwalimu hakukosea kitu. Mama yetu huyu ameunguliwa na nyumba kwa sababu yangu."

Alisema hayo tu. Alikuwa amedhani kuna kitu kitamtoka kifuani, mzigo utue, kama watu wanavyosimulia. Hakikutoka. Aliona tu nyuso. Mwenyekiti alikuwa amevua miwani na hakujua aishike wapi. Mwuza vipuri mkubwa, yule aliyemkumbatia siku ya moto, aliinuka akatoka nje, na mlango ukagonga. Mtu katikati ya ukumbi akasema, bila kupaza sauti, "Loo." Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Kikao kiliahirishwa. Wenzake walimngoja nje, na walichokuwa nacho hakikuwa huruma. Dereva wa lori ndiye aliyesema kwa niaba yao.

"Umeturoga mara mbili," alisema. "Kwanza ulituficha. Sasa umemwaga mtama siku tunapewa. Ungengoja basi tuvae hizo buti, halafu ndiyo ukatubu."

Alisema kama utani lakini hakuna aliyecheka. Kapteni aliomba radhi kwa kila mmoja. Watatu walimpa mkono. Wengine walikuwa na haraka ya kurudi kazini.

Halmashauri ilichukua miezi miwili kuamua. Ikamwondoa kwenye kikosi kwa maandishi, ikamtaka Mwalimu arudi na ashike uongozi, na fungu likatolewa pungufu: pampu itanunuliwa kwa kuwa ya zamani haina vipuri, makoti na buti vitangoja mwaka mwingine. Barua ya pili ilimsafisha Mwalimu, ikabandikwa kwenye ubao nje ya ofisi. Kapteni alikwenda kuisoma, akahakikisha wamesema wazi kwamba hakukosea. Mtu aliyesimama kando yake alipomtambua alisogea kidogo, kama anayempisha mgonjwa.

Kwa Bibi Mkunga alichelewa kwenda. Kila jioni alikuta sababu. Hatimaye mkewe alimfungia maandazi kwenye kitambaa, akamwekea mlangoni, na hakusema ni ya nani. Akaenda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nilidhani umehama mji."

Alianza kuomba radhi, machozi yakaja. Bibi Mkunga alimtazama kwa kuudhika.

"Usinililie hapa, nimeshawaona watu wazima wakilia, tena wengi. Unajua kuandika?"

Alijua, ingawa vibaya. Akapewa daftari jipya la mistari. Kuanzia hapo kila Jumamosi alikaa kwenye kibaraza cha yule mpwa, na bibi akataja alichokumbuka: mapacha wa msimu wa mafuriko, yule aliyetoka miguu kwanza, binti wa fundi saa aliyezaliwa njiani. Alikumbuka mengi kuliko alivyotegemea, lakini pia alisahau mengi, na aliposahau alipiga goti lake kwa ngumi na kusema, "Lilikuwepo kwenye daftari." Hakusema zaidi. Kapteni alishika kalamu, akangoja, haya imemjaa mpaka shingoni, halafu akaandika lililofuata. Siku za katikati ya wiki, baada ya kazi, alikwenda kwenye kiwanja cha ile nyumba iliyoungua, ambako majirani walikuwa wanainua kuta upya, akatandaza mabomba bila malipo.

Mwezi wa saba pampu mpya ikafika. Ilikuwa Jumamosi, na wangeionyesha kwa watu uwanjani mbele ya soko. Kapteni alikuwa ameshajipanga kuwa kibarazani na kalamu mkononi mpaka mambo yaishe. Bibi Mkunga alifunga daftari kabla hawajafika ukurasa wa pili.

"Nataka kuiona hiyo mashine," alisema. "Mpwa wangu hayupo. Nishike mkono."

"Bibi, pale watu ni wengi."

"Ndiyo maana nataka mtu wa kunishika."

Magoti yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo walikwenda polepole sana, barabara nzima ya soko, yeye ameegemea mkono wa Kapteni. Hakukuwa na namna ya kujificha. Watu walitoka milangoni kumwamkia bibi, kisha macho yakamgeukia yeye. Wengine walimwitikia salamu. Mmoja alianza kumwita Kapteni, akajikata katikati, akamalizia kwa kukohoa. Kapteni alitembea ameangalia chini, akimwonyesha bibi mashimo.

Uwanjani kikosi kilikuwa kimesimama kando ya pampu nyekundu, dereva wa lori na buti zake zilezile zilizopasuka. Mwalimu alikuwa anatoa maelezo. Aliwaona wakiingia. Akampungia bibi mkono, akaendelea na maelezo yake. Kapteni hakujua kama na yeye alikuwemo kwenye ule mkono, na hakuthubutu kuuliza moyo wake.

"Sioni kitu," alisema Bibi Mkunga. "Wamenisimamia mbele."

Kapteni aliangaza huku na huku, akaona kreti tupu la soda nje ya duka. Akamwomba mwenye duka. Yule alimtazama, akasita, akamsogezea kwa mguu. Alilibeba, akaliweka chini mahali palipo sawa, akalitikisa kuhakikisha halichezi, akamsaidia bibi kupanda. Kisha akasimama nyuma yake na mikono miwili imekinga, ili asianguke.